Mashine ya Kufyonza Vumbi: Kuchagua Inayodumu na Kuitunza Isife Mapema

Mota ya mashine ya kufyonza vumbi huzunguka kati ya mara 20,000 na 40,000 kwa dakika, na katika mashine nyingi za nyumbani kinachoipoza ni hewa ileile iliyofyonzwa sakafuni. Hewa huingia kwenye kichwa, hupanda bombani, hupita kwenye mfuko na filta, kisha hupita kwenye mota yenyewe kabla ya kutoka nje. Mfuko ukijaa, filta ikiziba, au soksi ya mtoto ikikwama kwenye mpira (lile bomba laini linalokunjika), mota huendelea kuzunguka huku haipati hewa ya kuipoza. Grisi ya beringi hukauka, rangi inayohami waya za koili huungua, na siku moja panatoka moshi. Watu husema mashine ilikuwa feki, kumbe ilikosa hewa kwa miezi mingi.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, umbo na idadi ya vikorokoro ndani ya boksi, jiulize mambo mawili. Njia ya hewa ya mashine hii ni rahisi kusafishwa? Na vitu vinavyochakaa, yaani mifuko, filta, mpira na kaboni za mota (vipande viwili vinavyogusa shaba ya mota), vinapatikana mjini kwako?

Mfuko, ndoo au pipa

Kwa nyumba yenye mazulia na makochi ya kitambaa, tunapendekeza mashine ya kuburuta yenye mfuko. Mfuko wenyewe ni filta, tena filta pana kuliko zote zilizomo ndani. Ule wa nyuzi bandia, unaofanana na kitambaa laini cheupe, hushika vumbi jembamba vizuri kuliko wa karatasi, hauchaniki ovyo, na huruhusu hewa ipite hata ukiwa umeanza kujaa. Ukishajaa unautoa na kuutupa bila vumbi kukurudia usoni, jambo kubwa kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu.

Mashine isiyo na mfuko, ile yenye ndoo ya plastiki inayoonyesha uchafu ukizunguka, huvutia dukani kwa sababu hakuna mfuko wa kununua. Lakini mzunguko ule hutenganisha uchafu mzito tu. Vumbi laini husonga mbele mpaka kwenye filta iliyo mbele ya mota, na vumbi la udongo mwekundu ni laini kama poda. Ukichagua aina hii, ujue kazi uliyoikwepa kwenye mfuko imehamia kwenye filta: utaiosha mara kwa mara, na unahitaji filta mbili ili moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi.

Aina ya tatu ni pipa la maji na vumbi, lile linaloonekana sana kwenye sehemu za kuoshea magari. Hili lina sifa ambayo wengi hawaijui: mota yake hupozwa kwa hewa yake yenyewe, inayoingia kupitia matundu ya juu, mbali na hewa chafu. Ndiyo maana linaweza kufyonza maji, na huvumilia zaidi mpira ukiziba. Ni kubwa, lina kelele, na kichwa chake hakifai sana kwa zulia nene. Hata hivyo, kama mifuko ya mashine za kuburuta haipatikani unapoishi, pipa la lita 15 hadi 20 lenye filta ya kuosha ndilo litakalokaa nawe miaka mingi.

Za betri za mkononi ni nyepesi na zinafaa kwa makombo na ngazi. Betri ya lithiamu huchoka baada ya mamia kadhaa ya kuchajiwa, na joto huiharakisha. Mtu wa Tanga au Mombasa anayeiacha kwenye chaja karibu na dirisha lenye jua anaila betri yake mwenyewe. Usinunue yenye betri isiyotoka. Yenye betri ya kuchomoa, ulizia kwanza bei ya betri ya pili. Ikifika karibu na nusu ya bei ya mashine, tafuta nyingine.

Wati si nguvu ya kufyonza

Boksi likiandikwa wati 2,400 kwa herufi kubwa, linakuambia umeme itakaokula. Nguvu ya kufyonza inategemea umbo la feni, uzibaji wa viungo, na upana wa njia ya hewa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine za nyumbani kuanzia Septemba 2014, kisha ukakishusha mpaka chini ya wati 900 kuanzia Septemba 2017. Watengenezaji walichora upya feni na vichwa, na mazulia ya Ulaya yameendelea kusafishwa. Mashine ya wati 800 iliyoundwa vizuri inaweza kuipita ya wati 2,000 yenye viungo vinavyovuja.

Namba zenye maana ni mbili: mvuto kwa kilopaskali, na kiasi cha hewa kwa lita kwa sekunde. Kwa mashine ya waya ya nyumbani, tafuta mvuto wa kilopaskali 20 au zaidi.

Sheria hizohizo za Ulaya zilidai pia uimara: mpira ubaki unatumika baada ya kukunjwa mara 40,000, na mota ifikishe angalau saa 500 za kazi. Fanya hesabu ya nyumba yako. Ukisafisha saa moja kwa wiki, saa 500 ni zaidi ya miaka tisa. Ukisafisha nusu saa kila siku, saa hizo zinaisha kabla ya miaka mitatu. Familia inayosafisha kila siku isitafute mashine ya bei rahisi. Itafute ile ambayo kaboni za mota zake zinabadilishika, kwa kuwa hiyo ina maisha ya pili baada ya zile za kwanza kuisha.

Umeme nao una neno lake. Mashine iliyoletwa kutoka Oman au Dubai yenye plagi ya pini tatu za mraba inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa sababu volti ni za kundi lilelile la 220 hadi 240. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka hivihivi itaungua papo hapo. Ili kuiendesha mashine ya wati 1,200 ya volti 120, utahitaji transfoma inayobeba wati 1,500 au zaidi, zito na la gharama. Mwachie muuzaji.

Pale umeme unapopanda na kushuka, mashine yenye swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima huishi kuliko yenye kioo cha kugusa. Kinachoungua kwanza umeme ukipiga ni ile bodi ndogo ya kurekebisha kasi. Ukiwa na yenye bodi, ichomoe ukutani kila ukimaliza.

Majaribio ya dukani

Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka. Akikubali, fanya hivi.

Iwashe ikiwa haina mpira na usikilize. Sauti iwe moja, iliyonyooka. Mlio wa kukwaruza au wa kupiga filimbi unaobadilika wakati mota inazima ni beringi iliyochoka. Zima, usikilize inavyosimama: mota nzima hupungua taratibu mpaka kimya, mbovu husimama ghafla au hukoroma.

Chungulia kwenye matundu ya mota, hasa kwa mashine iliyotumika. Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni ni za kawaida. Cheche kubwa za rangi ya chungwa zinazozunguka duara lote ni dalili kwamba kaboni zimeisha au shaba zinapogusia imeharibika. Nusa hewa inayotoka nyuma. Harufu ya vumbi si tatizo. Harufu ya plastiki au vanishi iliyoungua ni tatizo.

Sasa unganisha mpira na uzibe mdomo wake kwa kiganja. Sauti lazima ipande juu, nyembamba na kali. Hewa ikikatika, feni haina mzigo, mota inakimbia zaidi. Ukiziba na sauti isibadilike, hewa inaingia mahali pengine: mpira umetoboka, kifuniko hakikai, au raba yake imekufa. Zoezi hili halizidi sekunde tano, maana muda wote huo mota haipozwi.

Vuta waya wote nje. Kwenye mashine zinazojiviringisha waya, kuna alama ya njano ya kukuambia umefika na nyekundu ya kukuambia usivute zaidi. Angalia kama kuna sehemu iliyokunjika au iliyofungwa utepe. Bonyeza urudi, uone kama unarudi wote. Kisha fungua kifuniko, toa mfuko na filta, virudishe mwenyewe. Vibano vya plastiki vinavyolia na kupinda vikiwa vipya vitakatika ndani ya mwaka.

Pima kipenyo cha bomba. Milimita 32 na 35 ndizo zinazoenea, na vichwa vya ukubwa huo hupatikana kirahisi kuliko vile vyenye kifungo cha kipekee cha kampuni moja. Mashine ya Henry ya Uingereza, inayotengenezwa na Numatic katika mji wa Chard, inasifiwa kwa kudumu hasa kwa jambo hili: mfuko mkubwa, waya unaozungushwa kwa mkono bila springi ya kukatika, na karibu kila kipande kinauzwa peke yake. Hata usipoinunua hiyo, itumie kama kipimo.

Mwisho, nunua mifuko kumi siku hiyohiyo. Kama duka halina hata mmoja, umeshapata jibu kuhusu vipuri.

Matumizi yanayoiua

Majivu ya jiko la mkaa, saruji, vumbi la jasi na unga wa ngano vyote ni vyembamba mno. Huziba filta kwa dakika chache, na saruji ikikutana na unyevu huganda humohumo. Majivu yanaweza kuficha kaa la moto likawasha mfuko. Unga wa kunukishia zulia nao ni walewale, ingawa unauzwa kwa kazi hiyo. Ukarabati ukiisha nyumbani, fagia na upige deki kwanza. Mashine ije mwisho.

Maji kwenye mashine ya vumbi ni hatari ya kupigwa na umeme, pamoja na kuua mota. Zulia lililomwagikiwa chai lisubiri likauke kabisa.

Mchanga wa pwani hauzibi, ila unakwangua. Unakula ukuta wa mpira pale unapokunjika, na mfuko ukitoboka unafika kwenye feni. Weka mkeka mgumu mlangoni, ukung'utwe nje. Huo peke yake unaongeza umri wa mashine kuliko nyongeza yoyote utakayouziwa.

Okota kwanza sarafu, pini za nywele, shanga na vipande vya penseli. Kwenye zulia sukuma polepole, halafu vuta polepole zaidi: hewa inahitaji muda kutoa vumbi lililokaa mizizini mwa nyuzi. Kusukuma haraka mara kumi kunachosha mkono bila faida. Kichwa kikinata kwenye zulia jepesi, fungua kitundu cha kupunguza mvuto kwenye mkono wa bomba badala ya kulazimisha.

Ekstensheni ikihitajika, iwe na waya wa milimita za mraba 1.5, na uufungue wote. Waya uliobaki umeviringishwa huku ukibeba wati 2,000 hupata joto mpaka plastiki inalainika. Unapomaliza, shika plagi uchomoe. Usivute waya kutoka mbali.

Usafi wa mashine yenyewe

Chomoa ukutani kabla ya kila kitu kinachofuata.

Mfuko ubadilishwe ukifika robo tatu, usisubiri taa ya mfuko kujaa iwake. Taa hupima mvuto, na nywele nyingi zinaweza kuujaza mfuko bila kuuziba, huku vumbi laini likiuziba ungali mtupu. Mfuko wa karatasi usiukung'ute ukaurudisha: tundu zake zimeshaziba, na mshono wake unaachia. Wa kitambaa wenye zipu ukung'utie nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na kila baada ya miezi mitatu uugeuze ndani nje uupige brashi kavu.

Kama umefyonza godoro lenye kunguni, toa mfuko mara moja, uufunge ndani ya mfuko wa plastiki na uutupe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Kunguni na mayai yao hubaki hai humo ndani na hurudi kwa njia waliyoingilia.

Filta ya sponji iliyo mbele ya mota ioshwe kila mwezi, au kila wiki mbili kwa mashine isiyo na mfuko. Tumia maji ya kawaida yasiyo ya moto, bila sabuni, mpaka yatoke safi. Ibinye bila kuisokota. Ianike kivulini saa 24, na wakati wa masika saa 48. Hapa ndipo haraka inapoharibu: filta yenye unyevu hushika vumbi likawa tope, huota ukungu unaonuka chumba kizima, na hupeleka unyevu kwenye beringi. Usiikaushe juu ya jiko wala kwa pasi.

Filta ya hewa inayotoka, aina ya HEPA, ni karatasi iliyokunjwa. Ile ya daraja H13 hunasa asilimia 99.95 ya chembe ndogo, na maji huibomoa isipokuwa imeandikwa kwamba inaoshwa. Isiyooshwa, ikung'ute taratibu na uibadilishe mara moja kwa mwaka. Usiipulize kwa kompresa ya gereji. Upepo ule unaitoboa pasipoonekana.

Brashi inayozunguka kichwani ndiyo inayosahaulika. Katika nyumba wanaposukwa rasta, nyuzi za nywele bandia hujizungusha pembeni mwa brashi, husugua mpaka zinapata joto na kuyeyuka kidogo, kisha hushikana kuwa pete ngumu inayokula beringi. Geuza kichwa, pitisha mkasi kando ya mstari wa manyoya, kata pete kwa urefu, uvute vipande kwa koleo dogo. Kila wiki kama kuna msusi nyumbani, kila mwezi kama hayupo. Uzi wa cherehani hufanya vilevile. Magurudumu nayo yakaguliwe. Gurudumu lililofungwa na nywele huburuzika na kuchora vigae.

Raba ya kifuniko ifutwe kwa kitambaa kibichi. Usiipake mafuta ya mgando, yanailegeza.

Mvuto ukipungua

Tumia kiganja chako tena, hatua kwa hatua. Ziba tundu la mashine bila mpira. Sauti isipopanda, tatizo liko ndani: filta, kifuniko au mota. Ikipanda, unganisha mpira uzibe mwisho wake. Isipopanda hapo, mpira unavuja. Ikiwa tayari iko juu hata kabla hujaziba, mpira una kitu kilichokwama. Endelea hivyo kwa bomba, kisha kichwa.

Kujua kama mpira umeziba, dondosha gololi upande mmoja. Isipotoka upande wa pili, umepata. Kwa bomba la chuma sukuma kwa mpini wa ufagio. Kwa mpira usitumie waya wa kutundikia nguo, utautoboa. Ugeuze: shikilia mwisho wa mkononi kwenye tundu la mashine, washa, na uminyeminye mpira kwa urefu wake, kilichokwama hurudi kilikotoka.

Mpira hupasuka karibu na ncha, pale unapopindwa. Wengi wanaufunga selotepu, na baada ya wiki unavuja. Mipira mingi imefungwa kwenye ncha kwa kuzungushwa kama skrubu, mingine ikifunguka kwa upande wa kinyume na ulivyozoea. Fungua ncha, kata kipande kilichopasuka kwa kisu kikali, zungusha ncha irudi. Unapoteza sentimita kumi na unapata mpira mzima.

Mashine ikizima yenyewe katikati ya kazi, mara nyingi ni kinga ya joto imekata. Chomoa, ondoa kilichoziba, subiri dakika 30 hadi 60. Ikiwaka tena, imekuonya. Ukiiwasha tu bila kutafuta kilichoziba, kinga itakata mara kadhaa na safari moja haitakata.

Mota yenyewe

Kaboni ni vipande viwili vinavyosukumwa na springi kugusa shaba ya mota. Zikibaki chini ya sentimita moja, badilisha zote mbili pamoja, hata kama moja inaonekana nzima. Chukua ya zamani uende nayo dukani: upana na unene lazima ulingane, urefu unaweza kupunguzwa. Shaba ikiwa nyeusi tu, fundi huisafisha kwa msasa laini; ikiwa na mashimo, kaboni mpya zitaisha upesi. Baada ya kufunga mpya, endesha mashine kwa kasi ndogo dakika ishirini hivi, njia ya hewa ikiwa wazi, ili kaboni zijichonge kufuata duara la shaba.

Beringi za mota hizi mara nyingi ni namba 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Zinapatikana kwa wauza beringi wa kawaida. Soma namba iliyochorwa pembeni kabla ya kununua. Koili ikiungua, kufunga waya upya ni gharama; linganisha na bei ya mota nzima yenye kipenyo na kimo kilekile.

Mahali pa kuiweka

Isikae bafuni wala kwenye kibaraza chenye mvuke wa bahari. Kama haitatumika zaidi ya wiki mbili, toa mfuko: mabaki ya chakula yaliyomo huita mende, nao hutaga ndani ya mpira. Betri ya mashine ya mkononi ihifadhiwe ikiwa na chaji karibu nusu. Kichwa kiegemezwe ubavuni au kitundikwe, manyoya yasilale chini yakapinda, na mpira uning'inizwe kwenye kitu kinene kama mviringo wa kopo kubwa. Msumari mmoja unaukunja mahali palepale kila siku, na hapo ndipo utakapopasukia.